Jino Lililokataa Kutoka

Nilipofika miaka kumi na moja nilikuwa bado na pengo la mbele, juu, upande wa kushoto. Wenzangu shuleni walikuwa wameshaota meno ya kikubwa, nami nilicheka nimejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, jambo lililoniudhi kwa sababu napenda sana kucheka. Jirani mmoja alisema nina maneno mengi mno, jino limeogopa kutoka. Huyo sijamsamehe hadi leo.

Niliishi mjini Isiolo na shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeuza maziwa ya ngamia. Hakujaliwa mtoto, na kwetu ndugu hawamwachi ndugu yao mikono mitupu. Nilipoachishwa ziwa, wazazi wangu, waliokuwa na mifugo yao Sericho, walinileta kwake nikawa wake. Mama alikuja na lori kunitazama kila Idi ilipowezekana, akakaa siku chache, akarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuja, akakuta pengo ni lile lile, akasema twende hospitali. Shangazi alisema jino litatoka lenyewe, Mungu hasahau. Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Daktari wa meno, Mmeru mpole, alinipiga picha kwa kifilamu kidogo kilichonichoma kaakaa. Baadaye alikiinua kwenye mwanga wa dirisha akatuita sote watatu, mimi, Mama na Shangazi. Jino lilikuwepo! Lilikuwa zima, limejificha juu, ndani ya ufizi, kichwa kimeinuka kuelekea puani, na mzizi umekunjika kama kidole kinachomwita mtu. Jino lililo jirani yake lilikuwa limenyooka, halina habari. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani yangu kuna mambo yanayoendelea bila mimi kuambiwa.

Daktari aliuliza kama niliwahi kuumia mdomo nikiwa na miaka minne hivi. Mama alisema hapana, kamwe. Daktari akaeleza kwamba wakati mwingine mzizi hupinda kwa sababu kuna uvimbe, au jino la ziada limeziba njia, na wakati mwingine sababu haijulikani. Lakini kwenye picha hii hakuona uvimbe wala jino la ziada. Aliona jino moja tu lililogeuka, na hilo humfanya afikirie pigo.

Shangazi, ambaye sokoni hakuwahi kukosa neno, alikuwa akitazama sakafu.

"Ni mimi, daktari," alisema. "Mimi ndio nilikalisha yeye juu ya pipa."

Alisimulia polepole. Alikuwa amenipandisha kwenye mkokoteni wa punda, juu ya pipa la maji, gurudumu likaingia shimoni na mdomo wangu ukagonga ukingo wa pipa. Jino la utoto likatoweka. Aliuchekecha mchanga kwa chujio la maziwa hadi adhuhuri asilione, akaamua nimelimeza. Idi ilikuwa inakaribia na Mama angekuja. Shangazi akaweka nadhiri: jino likirudi, atafunga kila Jumatatu maisha yake yote. Baada ya wiki kadhaa ilichomoza ncha nyeupe pale pale. Idi ilipofika, Mama alikuta meno yangu yote yako kamili, akasifu malezi.

Mtaa mzima ulijua Shangazi hufunga Jumatatu. Tulidhani ni ucha Mungu tu.

Daktari alimwambia kwa upole kwamba jino lile halikuwa limekwenda popote. Lilisukumwa ndani ya ufizi, halafu likashuka lenyewe, kama meno ya watoto wadogo yanavyofanya mara nyingi. Ila kule juu lilikuwa limeligonga jino la kikubwa lililokuwa likijengwa. Kichwa chake kilikuwa karibu tayari, kikageuka. Mzizi ulikuwa unaanza tu, ukaendelea na njia yake ya zamani. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kona ya mkunjo.

"Siku hiyo ndiyo hii hapa."

Niliitazama ile kona nikasahau kufunika mdomo. Nilikuwa nikiruka kamba, nikikariri hesabu za mara, na mfupa wangu ulikuwa kazini tu, unajenga jino lisilo na pa kutokea. Nilijisikia mkubwa kuliko nilivyokuwa.

"Na ile ndogo," Shangazi aliuliza, "nani alishusha?"

Daktari alifikiri, akasema hilo hajui. Kisha akaeleza kwamba jino hili litatolewa kwa kupasua ufizi taratibu, maana mzizi uliopinda ukivutwa kwa nguvu hukatika.

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amemgeukia Shangazi, akamwuliza kwa Kiborana kwa nini alimficha jambo hilo.

"Ungeninyang'anya mtoto," Shangazi alisema.

"Ningekunyang'anya. Ningempandisha lori siku ile ile."

Shangazi aliniachia mkono, kana kwamba hukumu imeshatoka. Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa kupasuliwa. Mama alikichukua kile kifilamu, akakitazama.

"Ukame wa mwaka ule nilizika mdogo wa mtoto huyu kule Sericho," alisema. "Huyu naye ningemzika."

Akauchukua mkono wangu, akaurudisha kwenye mkono wa Shangazi.