Baba Zuhura Amekata Maji

Mimi ni mwalimu mgeni hapa Newala, na Kiswahili changu bado ni cha Dar es Salaam. Huko, ukisikia mtu amekata maji, basi amelewa.

Jumamosi nilimwamkia jirani yangu, Bibi Somoe.

"Marahaba, Mwalimu," aliitikia kwa hasira. "Mkwe wangu, Baba Zuhura, amekata maji tangu asubuhi. Haambiliki! Nenda wewe mwenye elimu ukaseme naye."

Nilishtuka, maana Baba Zuhura ndiye anayeadhini msikitini kwetu. Nikajiona mimi ndiye wa kumwokoa na aibu. Nilimkuta kando ya barabara, amelala kifudifudi, kichwa kimezama shimoni. Bila kuuliza nikamshika miguu, nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

"Amka, Baba Zuhura! Mtu mzima unalewa mchana, watoto wanakuona!"

Akina mama waliokuwa wakisubiri na ndoo zao wakageuka kututazama. Baba Zuhura akageuka, uso umejaa tope, spana mkononi.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "bomba limepasuka, nimekata maji ili nilizibe. Wewe uliambiwa nimekata yapi?"