Kipimo cha Injini ya Mweso

Mume wangu alipofariki, mashine yetu ya kusaga pale Mweso ilikuwa tayari imenyamaza. Injini ilikuwa imeunguza joint ya culasse, lile bati jembamba linalobanwa kati ya kichwa cha injini na silinda ili moto usitoke nje na maji yasiingie kwenye oili. Fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa ameshaifungua alipozidiwa na kupelekwa hospitali, na hakurudi kuifunga.

Wazee wa ukoo wake walikuja kutoka Buleusa kuomboleza, na kabla ya kuondoka walisema wazi: siku ya kutoa matanga, injini ikiwa bado haifanyi kazi, wataiuza kama chuma chakavu, nami nirudi kwa wazazi wangu Karuba. Nilikasirika hata machozi yakakauka. Mashine ile ndiyo iliyowalisha watoto wangu na mama mkwe wangu, ambaye uzee umeanza kumsahaulisha mambo, na wakimbizi wa mtaa mzima walisaga mihogo yao kwetu. Udongo wa kaburi haujakauka, wao wanaipigia hesabu injini.

Aliyebaki kunisaidia ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ni mtu mwema, ila kwa ubishi hana mwenzake. Aliitundika joint ya zamani begani, tayari kwenda nayo Goma, maana ndivyo wanavyofanya mafundi wa kwetu: unamwonyesha mwenye duka kitu kilichoharibika, anakupa kinachofanana nacho.

“Ile iko ndogo, shemeji,” nikamwambia.

“Njo hiyo ilikuwa ndani, Mama. Ingetumika namna gani kama iko ndogo?”

“Ilitumika vibaya. Njo maana iliungua.”

Ikabidi nimweleze. Silinda ilipokwaruzika, mume wangu aliipeleka mjini ikapanuliwa, ikawekewa pistoni kubwa zaidi. Joint ya kipimo kipya haikupatikana siku ile, akarudisha ya kawaida, akisema ni ya muda tu. Ukingo wake ukawa unachungulia ndani ya tundu, pale pale moto unapowaka, ukaliwa kidogo kidogo. Alijua. Na kifua chake alikifanyia vivyo hivyo, anakohoa huku akisema atakwenda kupimwa mvua zikipungua. Hilo bado linaniuma, na kuna siku namkasirikia kana kwamba yuko hapa anisikie.

Chombo chake cha kupimia kilikuwa sandukuni, na kwa desturi ya kwao sanduku la marehemu lilikuwa limefungwa kamba mpaka matanga yatolewe. Nilichukua kisu niikate ile kamba. Shemeji aliweka mkono juu ya sanduku la kaka yake na kuinamisha kichwa. Nikarudisha kisu mahali pake.

Kile kisu tukakitumia kuchonga kipande cha mwanzi. Tulikikwangua na kukijaribu, tukakikwangua tena, mpaka kikalala ndani ya silinda kutoka ukuta hadi ukuta, bila kulegea na bila kulazimishwa.

“Tundu ya joint ipite huu muti kiloko tu, kidogo sana,” nikamwambia. “Ikiwa ndogo, itaungua tena. Ikiwa kubwa sana, moteri haitabana muzuri.”

“Na ile ya zamani niiache?”

“Beba yote mbili. Ya zamani ionyeshe matundu ya maji na ya bulon za kukaza. Muti uonyeshe silinda.”

Shemeji alirudi kutoka Goma kabla ya siku ya matanga, na joint mpya imefungwa kwenye karatasi ngumu. Tuliilaza juu ya silinda kabla ya kufunga chochote. Nikapitisha kidole kuzunguka tundu lote, nikausikia ukingo wa joint umekaa nyuma kidogo ya ukuta wa silinda, hakuna kilichochungulia. Shemeji akarudisha kichwa cha injini, akakaza bulon zake kuanzia katikati kwenda pembeni, kama alivyofundishwa na kaka yake.

Injini ilishika. Mlio ulikuwa ule ule, mzito, unaotikisa mabati ya paa. Majirani walitoka na mabeseni yao, shemeji akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilijua sasa kwamba nitabaki Mweso na watoto wangu. Nilitaka kufurahi, nikakuta niliyezoea kufurahi naye hayupo.

Ndipo mama mkwe wangu akatokea mlangoni na sahani ya bukari na sombe, yaani ugali na majani ya mihogo, ameifunika vizuri. Mume wangu alikuwa akiwasha injini kabla ya kula, na mama yake akisikia mlio alimletea chakula pale pale mashineni. Alichungulia ndani. Akamtazama shemeji, akanitazama mimi, akatazama tena nyuma ya mashine.

“Mutoto yangu iko wapi?” akauliza.

Nikazima injini ili anisikie, nikamwambia kwa mara ya pili kwamba mwanawe amekufa.