Chumba Alichonijengea Mjomba

Mjomba ndiye aliyenifundisha kuwaheshimu wale wafu. Shamba lake la alizeti, upande wa Kibakwe, lilikuwa na marundo matatu ya mawe, mapana kama mazizi, na utotoni kila tulipopita hapo alinipa jiwe niliongeze juu. Mwalimu mmoja wa chuo aliyekuja kuyapima alisema ni makaburi ya wafugaji wa kale, walioishi kabla ya watu kujua chuma. Mjomba akaniambia, "Sisi tumekuja juzi tu. Hawa ndio wenye nyumba." Miaka yote alilima kwa kuyazunguka.

Mwaka huu nilishuka Mpwapwa na madaftari yangu, nikapanda bodaboda. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia kwamba riwaya yangu inaanzia pale, kwenye rundo la kati, na kwamba nitakaa mwezi mzima nikiiandika.

Rundo la kati halikuwapo. Palikuwa na duara la udongo mwekundu, na miche ya alizeti imeota humo.

"Shikamoo, mjomba. Mawe yako wapi?"

"Marahaba. Hata maji hujanywa, unauliza mawe? Njoo kwanza."

Akanishika mkono hadi nyuma ya nyumba. Chumba kipya, bati bado linang'aa, dirisha linatazama vilima. Msingi ulinifika magotini, na mawe yake niliyajua kwa mabaka yao ya kijivu.

"Si ulisema mjini kelele, huandiki? Haya, andika. Hapa hata jogoo nimemhamisha."

"Jogoo tumemla," mkewe alisema kutoka jikoni. "Usimdanganye mtoto."

Sikucheka. "Mlikuta nini chini?"

Mjomba akakuna shingo. "Mifupa. Kidogo tu. Tukaifukia palepale."

"Uliniambia hao ndio wenye nyumba!"

"Nilikwambia ukiwa mtoto. Ungekubali vipi usicheze pale, na nyoka walivyojaa?"

"Lakini ulikuwa unayazunguka."

"Plau ingevunjika."

Nilibaki na swali moja, na nililiogopa. "Na yale mawe uliyokuwa unanipa niongeze?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Si yalikuwa yamezagaa shambani? Ningeyatupa wapi?"

Nilikuwa na kurasa themanini juu ya yale mawe. Katika kila ukurasa mzee mmoja mwenye uso wa mjomba alikuwa akiwasalimu wafu, na mzee huyo hakuwahi kuwapo. Nilihisi nimeibiwa na mtu anayenipenda.

Ndani alikuwa ametandika mkeka, na juu yake shuka lililokunjwa vizuri. Sikuvuka kizingiti.

"Hulali humu?" aliuliza.

"Siwezi, mjomba."

Aliingia, akakunja mkeka, akaukumbatia kifuani. Kisha akamwita mkewe, bila kunitazama, walete magunia ya karanga humo kabla mvua haijanyesha.

Nilikwenda barabarani peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuondoka pale bila kusindikizwa.