Kungoja Ngozi Ikauke

Mimi ni mtu wa kutoa ushauri. Usiponiuliza nitakuambia, na ukiniuliza utajuta, kwa maana jibu langu huwa halina mwisho. Dukani kwangu Kitale, ninakouza dawa za mifugo na mbegu, watu huja kuuliza dawa ya kupe wakaondoka na hotuba kuhusu josho, banda na ulegevu wa vijana wao. Wananivumilia kwa sababu mara nyingi huwa nasema kweli. Ukisema kweli miaka mingi mfululizo unaanza kudhani huwezi kukosea.

Kitu ninachokijua kuliko dawa za ng'ombe ni banjo. Siyo ile ya nyuzi za waya inayokwaruzwa kwa kucha za chuma, ambayo watu wameisikia redioni. Yangu ni ya mtindo wa zamani: nyuzi tano za nailoni, vidole vitupu, gumba na vidole viwili vikipokezana bila kimoja kurudia zamu yake. Baba yangu alikuja Trans-Nzoia kutoka Nyeri akiwa kijana, akawa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi, na mzungu huyo alikuwa akipiga banjo kwenye veranda. Alipouza shamba na kwenda zake, alimwachia baba chombo hicho pamoja na kitabu cha noti za muziki kilichotafunwa na panya. Baba alinifundisha mimi kwa sababu kaka zangu walicheka. Alinipanga vidole juu ya nyuzi kimoja kimoja, na nikikosea alinigonga kwa mwiko. Nikakua nikiamini kwamba kitu hiki kina njia moja tu iliyo sawa, na kwamba njia hiyo iko kwetu.

Kikundi chetu cha simu kina watu saba. Ukisaka pande hizi zote mtu anayepiga banjo namna hii, utatupata sisi na labda wengine wawili wasio na simu. Tunatumiana picha za vigingi vya kukazia nyuzi vilivyolegea, sauti za mazoezi, na mabishano yasiyokwisha kuhusu uzi gani wa kuvulia samaki unafaa banjo. Mwanzilishi ni mimi, na mkali wa kikundi ni mimi. Mtu akituma wimbo akiwa amerudia kidole kimoja mara mbili, nitamsikia, na nitamwambia mbele ya wote.

Kati ya hao saba alikuwemo mzee wa Bungoma, mtunza stoo wa reli aliyestaafu. Banjo yake aliinunua ujanani kwa mtu wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, na alikuwa akiipiga kwenye harusi. Ndivyo alivyompata mkewe. Baadaye mkewe aliokoka, akasema chombo hicho kinanuka pombe ya busaa, na mzee, ambaye ni mpole kupita kiasi, akakipandisha juu ya kabati. Kikakaa huko zaidi ya miaka thelathini. Kikundini aliingia kusikiliza tu. Mtu akituma wimbo, yeye huandika, "Vidole viko safi," halafu kimya. Mimi aliniita mayi, yaani mama kwa Kibukusu, ingawa umri wangu ni wa kuwa mdogo wake wa mwisho.

Mwaka jana, masika yakiwa yameshika, alitutumia sauti siku ya Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nikifungua duka.

"Watu wangu, mama wamemrudisha nyumbani. Daktari amesema tukae na yeye tu. Sasa jana ameniuliza, ati ile sufuria yako ya kelele iko wapi? Nikamwambia si iko juu ya kabati, uliifunga huko wewe mwenyewe. Akacheka. Akasema teremsha, unipigie ule wimbo wa siku ile ulikuja kwetu na viatu za kuomba. Nimeteremsha. Ngozi imepasuka. Nifanye aje?"

Chini yake alituma picha. Uso wa banjo ni ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, nyuzi hupita juu yake, na sauti yote hutoka hapo. Ngozi ya banjo ya mzee ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na karibu na ukingo kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole.

Wa kwanza kujibu alikuwa dada mmoja wa Lwakhakha anayeuza vitenge mpakani. Aliandika, "Pole sana mzee wetu. Bandika plasta ile ya hospitali kwa chini, weka nyuzi, umpigie leo leo. Itashika siku mbili tatu."

Nilikasirika. Leo nikiikumbuka hasira ile naona haya, lakini ilikuwa hasira ya kweli, ya kuona mtu anaichezea kazi ambayo mimi nilifundishwa kwa mwiko. Nikaandika kwamba plasta ni ya vidonda na tusimharibie mzee chombo. Kisha, wateja wakinisubiri kaunta, nikaandika ujumbe mrefu kuliko barua ya posa: atafute ngozi nyembamba ya mbuzi, ailoweke usiku kucha, aivishe kwenye ringi ikiwa bado laini, akaze boliti nusu tu, aiache ikauke kivulini, asiiweke juani wala karibu na moto, asitie uzi hata mmoja mpaka ikigongwa ilie kama kioo cha dirisha.

Dada wa Lwakhakha akajibu, "Lakini mama, mgonjwa anataka wimbo, hataki ngozi."

"Na wimbo utatoka wapi," nikamuuliza, "kwa plasta?"

Wengine wakatuma vicheko. Nikajiona nimeshinda. Katika watu saba hakuna aliyemuuliza mzee daktari alisema zimebaki siku ngapi, na mimi niliyekuwa nimeuliza hata unene wa ngozi sikuuliza hilo.

Mzee akaandika, "Sawa. Mayi ndiye anajua hii kitu. Nitafuata vile amesema."

Na akafuata. Nimewashauri watu wengi maishani na sijawahi kumpata mtu wa kunifuata hivyo. Jumamosi alipata ngozi kwa fundi anayetengeneza litungu, kile kinanda cha Wabukusu, ikiwa imeshakwanguliwa manyoya. Akailoweka. Jumapili hakwenda kanisani, akakaa kuivisha, akinitumia picha kila hatua, nami nikimrekebisha: vuta upande wa kushoto, legeza hapo juu, mkunjo huo utakusumbua. Nilifurahi. Lazima niliseme hilo waziwazi. Mke wa mtu alikuwa akifa, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu baba yangu aondoke, kwa sababu hatimaye palikuwa na mtu anayefanya kitu kwa njia iliyo sawa.

Mvua ilikuwa ikinyesha Bungoma kila alasiri. Jumatatu ngozi ilikuwa mbichi. Mzee akauliza kama anaweza kuisogeza karibu na jiko kidogo tu, nikamwambia akithubutu itajikunja na ataanza upya. Kwa hiyo akaitundika kwenye msumari chumbani kwa mgonjwa, maana ndicho chumba pekee ambacho bati halikuvuja. Mkewe akawa analala akiitazama.

Jumanne alituma sauti nyingine, na nyuma yake nikamsikia mama huyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa na sauti nyembamba, kavu, lakini yenye utani.

"Bado?"

"Bado kidogo," mzee akamjibu. "Yule mama wa Kitale amesema tungoje."

"Huyo mama ni mkali hivyo?"

"Eh, wacha tu. Lakini anajua kazi."

Nilicheka peke yangu dukani. Nikarudia kuisikiliza sauti ile mara mbili, tatu, kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho.

Jumatano asubuhi mzee akapiga simu yenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema, "Mayi, nimeigonga. Inalia. Si kama dirisha, lakini inalia. Leo ameamka vizuri, amekunywa uji. Nitie nyuzi?"

Nikamwambia aigonge nisikie. Akaigonga. Ilikuwa na sauti nzito kidogo, ya ngozi ambayo bado ina maji katikati. Ukitia nyuzi wakati huo itabonyea, na utalazimika kuikaza tena baada ya wiki. Haiharibiki kabisa. Inapoteza uzuri wake tu, na wa kuisikia ni mtu kama mimi. Hayo yote niliyajua nikiwa nimeshika simu.

"Siku mbili, mzee," nikasema. "Tumengoja yote haya, tusiharibu mwishoni. Ijumaa."

Nikamsikia akiigonga ngozi mara moja tena. Halafu akasema, "Sawa, Ijumaa."

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, aliandika kikundini kwamba mama ameenda. Watu wakamimina pole na picha za maua na mikono iliyokunjwa. Dada wa Lwakhakha hakuandika kitu, na mpaka leo hajaandika tena. Nilifunga duka nikakaa ndani kwenye magunia ya mbegu. Sikulia. Nilikuwa nikihesabu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku sita ambazo mtu angeweza kupiga wimbo wa dakika tatu.

Jumanne iliyofuata, maiti ikiwa bado mochari, nilikwenda Bungoma kuwapa pole. Uani palikuwa na turubai na viti vya kukodi, akina mama wa kanisa wakimenya viazi. Binti mkubwa wa mzee alinikaribisha sebuleni na kunimiminia chai.

"Wewe ndiye mama wa Kitale?"

"Ndiyo mimi. Poleni sana."

"Asante. Mum alikuwa anakungoja wewe." Alisema bila chuki, akitafuta kijiko cha sukari. "Hiyo asubuhi ya mwisho aliamka akauliza, ati yule mama amekubali?"

Nikaiweka chai mezani. Ningetukanwa ningejua la kufanya, kwa maana ukali naujua. Lakini huyu aliniongezea maziwa na kunitafutia mto wa kuegemea.

Mzee akaja na banjo. Alikuwa amekonda, koti limempwaya mabegani. Akaniwekea magotini, nikaigonga kwa ukucha. Ikalia kama dirisha. Ilikuwa imewambwa vizuri kuliko yangu, haina mkunjo hata mmoja, na haikuwa na uzi hata mmoja.

"Nimefuata kila kitu," akasema.

"Umefuata, mzee. Ni kazi safi."

Hapo akatoa mfukoni karatasi ya gazeti iliyokunjwa. Ndani yake ilikuwa ile ngozi ya zamani. Alikuwa ameikata vizuri akaihifadhi. Watoto wake watatu walikuwa wamekaa hapo, na binti mkubwa amesimama mlangoni na birika.

"Sasa nataka uniambie kitu," akasema. "Si wewe ndiye unajua. Yule dada alisema plasta. Angalia hiyo ngozi vizuri, mayi. Ingeshika?"

Niliishika kwa mikono yote miwili, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mpasuko ulikuwa pembeni kabisa, mbali na pale nyuzi zinapokandamiza. Nikauvuta kwa magumba, taratibu, kisha kwa nguvu. Haukuongezeka hata unywele. Ingeshika. Kwa plasta ingeshika wimbo mmoja, ingeshika nyimbo kumi. Mama yule angelala akisikiliza mpaka akachoka, akamwambia mumewe anyamaze na kisufuria chake.

"Haingeshika, mzee," nikasema. "Ingepasuka yote mikononi mwako, mbele yake."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Binti yake akageuka akafuta macho kwa kanga. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru mbele ya watoto wake wote, akasema tangu Alhamisi hajapata usingizi akijiuliza kama alimnyima mkewe bure.