Binti Yangu Aliijua Chati kwa Moyo

Bado nina hasira, kwa hivyo nitaieleza vile ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la miwani, ghorofa ya kwanza, katikati ya mji wa Machakos. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata mtoto, masomo yakaishia hapo. Kazi yangu ilikuwa kupanga fremu, kuandika majina, na kumsimamisha mteja asome chati ya herufi ukutani, jicho moja limezibwa, kabla hajaingia kwa mpimaji. Mpimaji alikuwa mama wa Kangundo, mkali kidogo, na ndiye aliyenisukuma niombe nafasi chuoni nisomee kazi yake. Barua ilipokuja kwamba nimechukuliwa, nilitembea mjini kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa binti yangu akaniita shuleni. Mtoto ana miaka sita. Akanionyesha daftari, maneno yameruka mistari.

"Huyu ni mzembe tu, mama."

Nikakubali. Macho yake nilikuwa nimeyapima mwenyewe. Alinisomea chati yote, kulia na kushoto, mpaka zile herufi ndogo za chini kabisa. Basi kama si macho, ni uzembe. Nikarudi nyumbani nikamchapa. Ndiyo, nilimchapa.

Kesho yake alikuwa kwenye benchi letu la wateja, mahali alipozoea kunisubiri kila jioni baada ya shule. Mpimaji akatoka kuchukua chai, akamwona anaandika huku kichwa amekigeuza upande kama kuku. Akamziba jicho la kulia, akamwekea mbele kadi ambayo hajawahi kuiona.

"Hii ni nini, mrembo?"

Akanyoosha shingo kuelekea kadi.

"Na hii?"

"Hapo hakuna kitu."

Nikacheka, nikidhani ni mchezo. "Wewe! Si juzi ulinisomea chati yote?"

"Sikusoma, mami. Naijua. Watu wote huisema kwa nguvu."

Miaka miwili alikuwa amekaa kwenye benchi hilo akisikia wateja wakitaja herufi zile zile, kwa mpangilio ule ule. Na mimi, mtu wa chuo, nikaandika "sawa".

Mpimaji akanieleza polepole. Jicho la kushoto lilikuwa dhaifu tangu mwanzo, basi ubongo ukazoea kutumia lile zuri peke yake. Sasa ni avae miwani, na lile zuri lizibwe kwa plasta saa kadhaa kila siku, kwa miezi, mpaka hili lingine lijifunze kuona. Tukichelewa mpaka awe mkubwa, itakuwa vigumu sana.

Nikaitoa barua ya chuo kwenye mkoba, nikaiweka mezani. "Mimi siendi. Nitapima macho ya nani?"

"Mimi nilipitisha dereva wa lori asiyeona vizuri," akasema, akikoroga chai. "Alishika herufi kwa kuwasikia wenzake kwenye foleni. Sasa unataka tukae hapa tulie wawili? Rudisha barua kwa mkoba. Kunywa chai."

Afadhali angenigombeza.

Usiku nilimwomba mtoto msamaha. Akauliza, "Na mwalimu, utamchapa lini?"

Mpango wetu ulikuwa abaki kijijini Ekalakala kwa mama yangu nikisoma. Nikampeleka wikendi moja tujaribu. Jumapili nikamkuta uwanjani bila plasta, anatafuna muwa.

"Kalikuwa kanalia," mama akasema. "Kanajigonga kwa mlango. Mimi siwezi kutesa mtoto."

"Mama, hako kajicho katakufa."

"Basi baki na yeye. Hiyo shule yako itangoja."

Sikumkasirikia. Naye macho yalikuwa mekundu. Walikuwa wamelia pamoja. Lakini shule haingengoja, na jicho pia halingengoja.

Nikaenda chuo na mtoto wangu. Tuna chumba kimoja, meza moja. Nikitoka darasani nampitia shuleni kwake, tunafika nyumbani, nabandika plasta, tunakaa pande mbili za meza. Mimi nachora jicho na sehemu zake, yeye anatafuta mstari wa daftari kwa kidole. Jana alirusha penseli ukutani, akaniambia mimi ndiye mama mbaya kuliko wote.

Nikamwambia sawa, mimi ni mbaya, lakini plasta haitoki mpaka saa moja.