Watazamaji wa Saa Nane

Televisheni ililetwa hotelini petu Msambweni mara tu baada ya mfungo wa Ramadhani, ikapachikwa ukutani juu ya friji ya soda. Mwenye hoteli alikuwa mama wa bara, aliyekuja pwani na mumewe kulima, kisha akaliacha jembe akafungua biashara. Alikuwa akilalamika kwamba wateja wakishakula chakula cha mchana huondoka upesi, na chai yake ya alasiri hainywewi na mtu.

"Mtu akiwa na kitu ya kuangalia, atakaa," aliniambia.

Na kweli walikaa. Kilichowakalisha ni tamthilia moja iliyokuwa ikirudiwa saa nane mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mambo yake yalitendeka ndani ya mkahawa wa kitajiri wa mjini. Siku ya kwanza tu, bwana mmoja mnene aliinua kijiko cha supu, akakohoa, akaangukia sahani. Supu ilikuwa na sumu. Mpishi alikuwa mwanamke mnyamavu, ambaye hakulia wala hakupiga ukelele maiti ilipokuwa ikitolewa. Basi kila aliyeketi hotelini petu akajua muuaji ni nani.

Mimi nilikuwa nikiisikia zaidi ya kuiona. Baina ya jiko na ukumbi palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, na mle ndani nilikuwa na masufuria ya kusugua na nazi za kukuna kwa ajili ya jioni. Lakini sauti za watazamaji zilinifikia zote. Aliyesema zaidi alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Munje, mtu wa makamo mwenye kifua kipana, ambaye alituletea samaki asubuhi na kurudi mchana kula. Yeye alitoa hukumu kwa kugonga meza.

"Ni huyo huyo mpishi! Mtu akisingiziwa si angepiga kelele? Mbona huyu kanyamaza kama ukuta?"

Mwenye hoteli naye alikuwa akifungua simu yake na kusoma maoni ya watu waliotazama tamthilia hiyo mtandaoni. Aliyasoma kwa sauti, akicheka. "Huyu anasema, mwangalieni macho, hana hata huruma. Huyu anasema wamfunge tu tuendelee na mambo mengine. Ngojeni, huyu anasema mpishi wangu akinyamaza hivyo mimi sili tena kwake!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. Nami nilikuwa nikicheka peke yangu kule ndani, kicheko cha midomo tu, maana hakuna aliyenijua.

Nilizaliwa Bodo, na kwa miaka tisa nilikuwa mpishi katika hoteli moja kubwa ya watalii Diani. Nilianza kwa kumenya viazi, nikapanda hadi nikakabidhiwa samaki wote wa mchana. Niliipenda kazi ile. Nilipenda hata vazi lake jeupe, nililipiga pasi mwenyewe kila jioni. Kisha ikaja siku moja wageni kadhaa wakaumwa matumbo kwa pamoja, wengine wakapelekwa kutibiwa. Niliitwa ofisini. Walikuwapo mabwana watatu na bibi mmoja aliyekuwa akiandika. Wakaniuliza ni kitu gani kilichowadhuru wageni. Nikasema, "Sijui." Wakanitazama. Wakauliza tena, nikasema tena sijui, kwa sababu sikujua. Wakaniambia niende nyumbani nitaitwa.

Sikuitwa. Hakuna askari aliyekuja kwangu, wala barua, wala kesi. Lilibaki neno tu, na neno lile lilipita majikoni pote kunishinda mimi kwa mwendo. Kila nilipokwenda kuomba kazi, mpishi mkuu angenisalimu vizuri, anitazame usoni, kisha aseme nafasi imejazwa jana. Dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi alinipita sokoni Ukunda akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nikarudi Bodo kwa mamangu. Nilikaa mwaka mzima sipikii watu wasiokuwa wa nyumbani.

Ndipo nikasikia kwamba kuna mama Msambweni anatafuta mpishi. Nilikwenda nikiwa na maelezo yangu tayari kichwani, nimeyapanga njia nzima. Aliniuliza swali moja tu: "Unajua kupika nini?" Nikamtajia wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi, mchicha. "Sawa, ingia jikoni," akasema. Maelezo yangu yakabaki tumboni, na kila siku iliyopita yakazidi kuwa magumu kutoka. Mwaka wa pili uliponikuta pale, nilikuwa nimeshajiambia kwamba hayatatoka kamwe.

Kisha ikaja tamthilia.

Wiki ya tatu ya tamthilia ile nilikuwa nimeanza kuharibu chakula. Nilitia chumvi mara mbili kwenye maharagwe. Niliunguza wali, jambo ambalo halijanitokea tangu nikiwa msichana. Siku ya Alhamisi nilisikia mpelelezi wa kwenye televisheni akimwuliza mpishi ni nani aliyetia sumu. Kisha sauti ya yule mwanamke ikasema, "Sijui."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mchuuzi akagonga meza. "Haya! Keshakiri huyo! Sijui maana yake najua!"

Siwezi kueleza nilivyotoka jikoni. Najikumbuka tu nimesimama katikati ya ukumbi, leso imenilegea kiunoni, mkononi nina mwiko unaodondosha tui sakafuni.

"Sijui maana yake ni sijui," nikasema.

Mchuuzi alidhani nafanya mzaha. "Dada nawe umekuwa wakili wake?"

"Mimi ndiye yeye," nikamjibu. Nikawaeleza. Diani, wageni, ofisi, yule bibi aliyekuwa akiandika. Nilieleza vibaya, nikianzia mwisho na kurudi mwanzo, na sauti yangu sikuitambua. Nilipomaliza, televisheni ilikuwa ikitangaza sabuni ya kufulia, mtoto anacheka ndani ya beseni.

Pembeni, karibu na mlango, alikuwa ameketi bibi mmoja muuguzi mstaafu. Alikuwa amehudumu katika zahanati za huku kwetu miaka mingi kabla ya kupumzika, na kila siku alikuja kunywa chai ya tangawizi na kutazama kwa utulivu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikiweka kikombe chake chini.

"Njoo uketi hapa, mwanangu," akasema.

Nikaketi.

"Siku ile samaki mlimtoa saa ngapi?"

"Saa saba mchana, bibi."

"Nani mwingine alimla, mbali na wageni?"

"Mimi nilimwonja. Na wenzangu wawili walikula vipande vilivyobaki."

"Mkaumwa?"

"Hapana. Hakuna aliyeumwa."

"Wageni walioumwa, wote walikula samaki?"

Hapo nikasita, kwa kuwa jambo lile nilikuwa nalo siku zote na sikuwahi kulitamka. "Yuko mmoja hakushuka kula kabisa. Mwenzangu wa kusafisha vyumba aliniambia kwamba alikuwa chumbani anatapika tangu asubuhi."

Bibi muuguzi aliyarudia maneno yangu. "Tangu asubuhi. Kabla samaki wako hajafika mekoni."

"Ndiyo, bibi."

"Hayo uliwaeleza wakubwa?"

"Waliniuliza kilichowadhuru wageni ni nini. Nikasema sijui. Hawakuniuliza jambo jingine."

Aliwageukia watu. Kisha akasema, si kwangu peke yangu bali kwa ukumbi wote, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wagonjwa na jamaa zao: "Mimi sikuwapo, na siwezi kuapa juu ya nisichokiona. Huenda ni maji, huenda ni barafu, huenda ni kitu walichokula kwengine. Lakini mtu aliyeanza kuumwa asubuhi hakudhuriwa na samaki wa mchana. Mtoto huyu alijibu alivyoulizwa. Waliouliza ndio hawakuuliza vizuri."

Miaka mitatu nilikuwa nikingoja mtu aniulize samaki alitoka saa ngapi. Nililia pale pale, mbele ya watu, nikiwa bado nimeshika mwiko, na bibi yule akauchukua taratibu akauweka juu ya sahani yake.

Mwenye hoteli alikuwa amesimama kando ya friji muda wote. Aliizima televisheni, akapita akaingia jikoni. Nikamfuata nikijua kinachonisubiri. Nilishaanza hata kutafuta kwa macho vitu vyangu, kile kisu changu kidogo na kanga ya kujifutia.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Niliogopa, mama."

"Mimi nilikuwa najua."

Sikumwelewa.

"Niliambiwa wiki ya pili tangu uanze kazi hapa. Kuna mtu alikuja hapa akaniambia, huyo uliyemwandika ana mambo. Nikasema wacha nimwangalie kwanza. Nikakuangalia. Nikaona vile unaosha kisu kabla ya kugusa nyanya. Nikaona samaki akikaa kidogo tu nje, unamrudisha kwa barafu, hata kama hakuna mtu anakuona. Basi nikaachana na hiyo maneno."

"Na yale maoni uliyokuwa ukiyasoma?"

Aliinamisha kichwa. Ni mwanamke mkubwa wa umbo na sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa mdogo. "Hata sikufikiria. Kwangu hiyo ilikuwa ni TV tu. Pole sana. Kusema kweli, pole."

Kisha akaniuliza kama maharagwe ya jioni yameshalowekwa. Hayakuwa yamelowekwa. Tukayachagua pamoja, bega kwa bega.

Sitasema kwamba kila mtu alikuwa kama wao. Siku chache zilizofuata meza mbili za mbele zilikuwa tupu, na nilijua ni kwa nini. Lakini siku ya pili yake, Ijumaa, watu walipotoka msikitini, mchuuzi wa Munje aliingia na samaki wanne wakubwa aina ya changu, macho yao yanang'aa. Hakuwapeleka mlango wa nyuma kama desturi yake. Alikuja nao kupitia ukumbini, akasimama katikati.

"Assalamu alaykum jamani. Dada, hawa ni wangu mwenyewe, nimewavua leo. Nakuomba unipikie wa kupaka, nami nitakula hapa hapa mbele ya watu." Halafu akasogea karibu na lile dirisha la sahani akateremsha sauti. "Nisamehe. Mimi nilikuwa nagombana na televisheni, sikujua nagombana na mtu."

"Yamekwisha," nikamwambia. Na yalikuwa yamekwisha kweli. Alikula changu wawili peke yake, akawagawia waliokaa jirani naye wale waliobaki, akawasimamia mpaka wakamaliza. Meza za mbele zilijaa tena kidogo kidogo, sikumbuki hata ni lini.

Tangu hapo, saa nane ikifika, nilipewa kiti changu. Walinigeuza kuwa mjuzi wao. "Eti mpishi mkuu anaweza kuacha supu bila mtu?" "Kweli sumu inaweza kukaa kwenye chumvi?" Nikawaambia kwamba yule mwigizaji hajawahi kukata kitunguu maishani mwake, angekuwa ameshapoteza vidole viwili. Mwenye hoteli aliendelea kusoma maoni ya mtandaoni, ila sasa alibishana nayo. Wengi walikuwa bado wakimhukumu mpishi. Kwetu sisi, ukumbi mzima ulikuwa upande wake, na mchuuzi ndiye aliyekuwa akimtetea kwa kugonga meza.

Siku ya mwisho ya tamthilia watu walijaa hadi wengine wakasimama mlangoni. Mpelelezi aliwakusanya washukiwa wote mkahawani, akaeleza moja baada ya jingine, kisha akanyoosha kidole. Alikuwa ni mpishi. Alikuwa ametia sumu yeye, kwa kisasi cha zamani cha babake, na akakiri kwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu siku ya kwanza.

Hakuna aliyethubutu kunitazama. Niliona shingo za watu zimekakamaa kuelekea ukutani. Mwenye hoteli alitafuta rimoti wakati alikuwa ameishika mkononi. Hatimaye bibi muuguzi akanywa chai yake funda moja, akasema, "Aliyeandika tamthilia hii amekosea."

Nilianza kucheka mimi. Kisha wote. Tulicheka mpaka mchuuzi akapangusa macho kwa shati, akamwomba mwenye hoteli amwandikie maoni yake mtandaoni, kwa kuwa yeye simu yake haikuwa na chaji: "Andika hivi. Sisi watazamaji wa Msambweni hatukubali. Huyu mwandishi hajawahi kuingia jikoni." Akaandika. Sijui kama kuna aliyemjibu.

Miezi miwili baadaye bibi muuguzi alikuja asubuhi, si wakati wake wa kawaida. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi jikoni kwenye kigoda changu cha kukunia nazi. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Tiwi. Jamaa watatoka Mombasa, wengine Vanga, na upande wa bwana harusi ni watu wengi.

"Nimewaambia wanangu mpishi ninaye," akasema. "Uje utupikie."

Nilimwuliza kama ameshawaeleza wanawe mimi ni nani.

"Nimewaeleza. Wameniuliza maswali yao nami nimewajibu."

Nilikwenda Tiwi siku mbili kabla, nikachagua wasaidizi, nikaonja kila kitu kwa mkono wangu. Siku ya harusi, sinia zilipoanza kutoka, nilisimama nyuma ya pazia la turubai nikiwatazama watu wale wote, wazee na watoto na wanawake waliojipamba kwa hina, wakinawa mikono na kula nilichopika. Nikasema alhamdulillahi, nikarudi kwenye sufuria, kwa kuwa upande wa wanaume walikuwa wakiita waongezewe wali.