Pazia la Simu Mlangoni

Kwenye shughuli za wanawake upande wetu wa Temeke, mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Hakuna aliyenichagua. Nilijipa kazi hiyo mwenyewe, na wenzangu waliponuna niliendelea kukaa mpaka wakazoea. Sasa mtu akipanga singo ya binti yake anatafuta ukumbi, anatafuta mpishi, kisha anakuja kwangu kuuliza kama siku hiyo nina nafasi. Nasema haya kwa kujisifu, na sioni kwa nini nisijisifu.

Asiyejua singo nimweleze. Kwetu bibi harusi huwekwa ndani kabla ya ndoa, hatoki, anasuguliwa mwili kwa liwa, karafuu na mawaridi yaliyosagwa mpaka ngozi inang'aa. Kisha alasiri moja wanawake wa pande zote mbili hukusanyika kumsinga na kucheza. Wanaume hawakanyagi. Kwa hiyo mabaibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, mabega wazi, na mama ambaye mtaani hujawahi kuona hata kiwiko chake unamkuta anakata nyonga mpaka unajiuliza kama ni yeye. Zamani yaliyofanyika mle ndani yalibaki mle ndani, maana hayakuwa na njia ya kutokea. Halafu zikaja simu zenye kamera.

Mimi ni fundi cherehani, na nikipata tatizo nafikiria kitambaa. Nilikuwa na gunia la mabaki ya kanga za wateja. Nikashona pazia lenye mifuko, kila mfuko kipande cha kanga tofauti, ili mtu asihangaike na namba: wewe simu yako iko kwenye korosho, wewe kwenye mananasi, wewe kwenye nyekundu ya madoa. Pazia nalitundika ukutani karibu na mlango, na mimi nakaa chini yake. Simu inaingia mfukoni kwanza, baibui linavuliwa baadaye. Familia ikitaka picha inaleta mpiga picha mmoja, mwanamke, na picha zote zinabaki kwao.

Siku hizi redioni kuna wataalamu wanaozungumzia taarifa binafsi na faragha. Wanasema ipo sheria, na kwamba sura ya mtu ni yake, haichukuliwi bila ridhaa. Nawasikiliza huku nakanyaga cherehani na natabasamu peke yangu. Sisi jambo hilo tuliliita stara, na tulikuwa na bawabu.

Basi ikafika singo ya mtoto wa dada yangu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao, kwa hiyo nitamwita mwanangu. Alikuwa anaolewa na kijana wa Tabata, kijana mpole, wa ukoo wa wenye maduka. Wageni wa upande wao waliongozwa na shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye sauti kubwa na dhahabu nyingi. Akanikabidhi simu yake kwa vidole viwili, nikaitia kwenye mfuko wa korosho. Alipotaka kupita, kitu kikatetema kifuani kwake.

"Shangazi, na hiyo nyingine," nikamwambia.

"Ipi?"

"Hiyo inayokutekenya."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mie nimealikwa harusini au nimeletwa gerezani?"

"Hapa hata mama yangu mzazi nampekuaga. Nyanyua mikono kidogo, karibu sana."

Nilimpapasa, nikaitoa. Alikaa kwenye kona amenuna, hakuimba, hakupiga kigelegele, na pilau alilila kama mtu aliyelazimishwa. Dada yangu akaja kuninong'oneza kwamba nimewaudhi wakwe. Nikamwambia wakwe watapoa.

Zilipita siku chache. Mchana mmoja dada yangu akaingia kwangu mtandio umekaa upande, hawezi kusema, ananinyooshea simu tu. Kwenye simu kulikuwa na picha ya msichana aliyevaa nguo za ndani, glasi mkononi, anacheza katikati ya wanawake. Uso ulikuwa wa mwanangu. Chini yake mtu ameandika: "Bi harusi wa Temeke kwenye singo yake." Ilikuwa imeingia kwenye grupu la familia ya bwana harusi, na kutoka hapo imekwenda inakokwenda. Mama wa bwana harusi alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba harusi isimame kwanza.

Singo ile niliilinda mimi. Aliyetengeneza kitu kile alikuwa ananitukana na mimi, lakini hilo lilikuwa dogo. Binti wa watu alikuwa ndani, ngozi inanukia mawaridi, na jina lake linapita kwenye simu za watu asiowajua.

Yeye ndiye aliyetueleza, tena kwa utulivu kuliko sisi. Ule uso ulitoka kwenye picha yake ya mahafali, ile anayoiweka kwenye wasifu wake wa simu. "Mamdogo, siku hizi kuna programu za akili mnemba. Unaipa uso wa mtu, yenyewe inamtengenezea mwili na mahali ambapo hajawahi kufika. Haihitaji kamera. Haihitaji hata niwe nimetoka nje."

Tulikwenda kituo cha polisi tukafungua jalada. Askari alitupokea vizuri, akaandika, akatuambia tusiifute ile picha maana ni ushahidi, na kwamba uchunguzi utachukua muda. Aliyeitengeneza hatumjui mpaka leo. Wapo tunaowahisi, lakini kuhisi si kujua. Na sisi muda hatukuwa nao, kwa sababu harusi ilikuwa Ijumaa iliyofuata.

"Twende Tabata," nikasema.

Dada yangu akasema twende taratibu, tukawabembeleze. Nikamwambia mimi kubembeleza sijui, ningekuwa najua ningekuwa na waume watatu. Hapo ndipo mwanangu alipotoka chumbani amevaa baibui, nikabu mkononi.

"Nakuja na nyie."

"Bibi harusi hatoki," mama yake akamaka. "Tena uende kwa wakwe? Watu watasemaje?"

"Picha yangu imeshatoka, mama. Mie nikibaki ndani namficha nani?"

Akafunga nikabu, tukaondoka.

Sebuleni Tabata walikuwa wametupangia viti upande mmoja na wao upande wa pili. Mama wa bwana harusi katikati, shangazi mkono wake wa kulia, na wanawake wengine wa ukoo. Bwana harusi hakuwepo. Tuliambiwa ameambiwa akae kimya wakubwa wazungumze. Mwanangu alikaa nyuma yetu na nikabu yake, nao walimchukulia kuwa ni jamaa tu wa kutusindikiza.

Nikaeleza. Kwamba siku ile hakuna simu iliyovuka mlango. Kwamba mashine inaweza kumtengenezea mtu yeyote picha kama ile.

"Yeyote?" shangazi akauliza. "Hata mie?"

"Hata wewe, shangazi. Ile picha yako ya Idi uliyoiweka kwenye wasifu inatosha kabisa."

Akavuta mtandio wake mbele kama vile mtu anamchungulia. Lakini mwanamke mmoja akasema simu siku hizi ni ndogo, mtu huwezi kujua, inaweza kupita. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikaona mambo yanatuponyoka.

Basi nikamgeukia shangazi. Sikuwa na la kufanya jingine, na nakiri niliogopa. Nilimfedhehesha mwanamke yule mbele ya watu, na sasa heshima ya mwanangu iko mdomoni mwake. Angeweza kusema hakumbuki, na nisingeshangaa. "Shangazi, wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Waambie uliyoyaona mlangoni."

Alizungusha bangili zake. Akaniangalia kwa yale macho ya siku ile.

"Mwanamke huyu," akasema akininyooshea kidole, "alinipekua mpaka kifuani, watu wanacheka. Nilimchukia pale pale, na hata sasa simpendi." Akashusha kidole, akawageukia wenzake. "Lakini simu haikuingia. Kama yangu haikupita, ya nani ingepita? Hiyo picha ni ya uongo."

Nilitamani kumkumbatia. Nikajizuia, maana angenisukuma.

Mama wa bwana harusi akashusha pumzi, uso ukalainika. "Alhamdulillahi. Basi yameisha. Mwambieni binti tumemsamehe."

Dada yangu akaanza kushukuru. Mimi pia nilikuwa nimeshafungua mdomo kushukuru. Nyuma yetu mwanangu akasimama, akavua nikabu.

"Shikamoo, mama."

Bibi harusi ambaye hakupaswa kuonwa na yeyote, amesimama kwenye zulia lao.

"Marahaba," yule mama akajibu.

"Mama, naomba kuuliza kwa adabu. Mmenisamehe nini?"

Mama akamgeukia shangazi.

"Picha siyo mie, shangazi ameshasema. Lakini hata ingekuwa ni mie kweli, ningekuwa nacheza kwenye singo yangu, mbele ya wanawake wenzangu. Mwenye aibu angekuwa aliyeipiga, na kila aliyeituma mbele. Na humu ndani mmeituma."

Mimi nilikwenda pale kushinda kwa ushahidi. Nilikuwa nimejipanga kuthibitisha kwamba si yeye, na nilidhani hapo ndipo kazi yangu inapoishia. Mtoto wangu akasema jambo ambalo mimi, kwa miaka yote ya kukaa mlangoni, sikuwahi kulisema. Nilimwangalia pale aliposimama, nikajiona nina fahari ya kujaza nyumba.

Mama wa bwana harusi akainamisha kichwa. Haikuwa rahisi kwake, niliona. "Tuwie radhi, mwanangu," akasema. Wanawake wa ukoo wakaanza kuchomoa simu mmoja mmoja, wanabonyeza, wanafuta, hawatazamani.

Kisha yule mama akainua macho. Aliuliza taratibu, na nadhani aliogopa jibu.

"Sasa wewe umeghairi?"

"Sijaghairi, mama," mwanangu akasema huku akifunga nikabu yake. "Naolewa na mwanao. Siolewi na grupu."